Kasha la Marehemu

Mama mkwe wangu hakukataa. Angekataa ningejua pa kuanzia, maana mtu akikukatalia waziwazi unaweza kulia, ukabembeleza, ukanuna hata wiki nzima. Yeye alimaliza kukunja nguo alizotoa kwenye kamba, akaweka shati la mwisho juu ya kapu, kisha akasema kwa sauti ileile anayoombea chumvi mezani:

"Hiyo kompyuta mnayotaka kuiunda, iundeni ndani ya kasha la mwanangu. Ikiwaka, nitajua ameridhia, na huyo kijana awalete wazazi wake tuzungumze. Isipowaka, sitaki kumsikia tena."

"Mama," nikasema, "kompyuta ni chuma na nyaya. Haiwezi kuridhia kitu."

"Basi unaogopa nini?"

Nilitazama kapu. Lile shati la mwisho lilikuwa la mume wangu, ambaye amekuwa chini ya ardhi miaka miwili sasa. Mama hulifua, hulianika, hulipiga pasi, akalirudisha kabatini kama mtu anayemtarajia mwenyewe kesho asubuhi. Ukikaa nyumba ya namna hiyo unazoea. Mimi nilizoea mpaka nikaanza kujiogopa.

Na nilikuwa nimependa. Nalisema mapema ili asitokee wa kunihukumu katikati ya hadithi. Nilikuwa nimempenda mwanaume mwingine, naye alinipenda, na alikuwa ameshanitamkia kwamba anataka kunioa. Ningeweza kufunga mizigo nikaenda zangu bila baraka za mtu. Lakini mwanamke huyu ndiye aliyenilisha kwa kijiko baada ya mazishi, nilipokuwa siwezi hata kuinua mkono. Mimi wazazi wangu walikufa zamani. Mama mwingine sina, na sikuwa tayari kumzika na huyu akiwa hai.

Huyo kijana, wenzake kwenye maduka ya kompyuta walimpachika jina la Taratibu. Ndilo neno analolisema kuliko yote, na hata kucheka hucheka kwa awamu. Nilimfahamu wiki ileile tuliyomzika mume wangu. Siku moja ya wiki hiyo tulisikia harufu ya plastiki inayoungua ikitoka chumba cha mwisho, chumba cha marehemu, kilichokuwa kimefungwa kwa ufunguo. Tulipofungua tukakuta kompyuta yake inatoa moshi. Hakuna aliyeiwasha. Niliibeba mpaka dukani kwa Taratibu, akatoa matumbo yote yaliyoungua, akanirudishia kasha tupu, limefutwa hadi kwenye pembe. Aliniambia "pole, dada," nami nikaondoka bila kumtazama sawasawa.

Nilikuja kumtazama mwaka jana. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na kompyuta ya ofisini ilikuwa inanitia wazimu. Nikaamua niwe na yangu, niichague mwenyewe kipande kwa kipande.

"Unaitaka ya kufanyia nini?" aliniuliza siku hiyo.

"Kuchora. Ya ofisini nikifungua nyumba ya ghorofa inaganda. Naenda kunywa chai, narudi, bado imeganda."

"Basi tuanze na kichwa." Akaniwekea visanduku viwili mezani. "Prosesa ndiyo inayofikiri. Hii inafikiri haraka, ila inapata joto upesi. Hii inafikiri pole kidogo, lakini haina hasira."

"Nichagulie wewe."

"Hapana. Atakayekaa nayo ni wewe, Mchoraji."

Toka niolewe hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Hata pazia la chumbani kwangu nililikuta. Nikachagua ile isiyo na hasira, na nilipotaka kuishika akanizuia.

"Gusa chuma kwanza. Mwilini mna umeme. Huuoni, lakini unatosha kuua kifaa."

Badala ya chuma nikagusa mkono wake. Cheche ndogo ikaruka kati yetu, tuliisikia wote wawili ikilia. Akacheka kwa awamu zake, mimi nikajifanya nasoma maandishi kwenye sanduku, na sikusoma hata neno moja. Tangu hapo nilikuwa na sababu ya kwenda dukani kila baada ya kazi. Leo feni, kesho vijiti vya RAM, keshokutwa kuuliza tu kama pawa saplai, lile boksi la kugawa umeme, imefika hali nilikuwa nimeiona iko rafuni. Tulipomaliza yote, likabaki kasha peke yake, ndipo nilipolazimika kumweleza sharti la Mama.

Hakucheka. Alifuta meza iliyokuwa safi.

"Mwambie nitakuja Jumapili," akasema. "Mchana."

Jumapili alikuja amevaa shati la mikono mirefu, boksi la vifaa amelikumbatia kifuani. Aliyemfungulia mlango ni wifi yangu, mdogo wake marehemu. Akampima kutoka kichwani hadi kwenye viatu, kisha akaninong'oneza, "Wifi, huyu ukimkosa niachie mimi." Nikamfinya.

Chumba cha mwisho kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na Mama haruhusu pazia lifunguliwe, kwa hiyo mwanga uliomo saa zote ni wa kijivu kama maji yaliyooshea mchele. Kitanda kimetandikwa. Kiti cha mezani kimesukumwa nyuma kidogo, kama alivyokiacha. Mto wa kiti hicho una bonde la mtu aliyekaa. Mimi huwa naupigapiga ukajaa, na kesho yake bonde limerudi. Nilikuwa sijamwambia mtu.

Kasha lilikuwa mezani, jeusi, refu, limefutwa asubuhi hiyohiyo. Taratibu aliweka kiganja juu yake, akakiondoa.

"Lina joto," akasema.

"Jua labda."

Akatazama pazia. Jua halijawahi kufika humo. Hatukuliongelea zaidi, akaanza kazi. Alitoa vinguzo vya shaba, vidogo kama njugu, ambavyo ndivyo mazabodi hukalia. Akanieleza, huku akilinganisha na matundu ya mazabodi na kukaza kimojakimoja, kwamba huo ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote haupaswi kugusa chuma cha kasha mahali popote isipokuwa kwenye matundu yake.

"Ukiguswa pasipotakiwa, umeme unapotea njia. Haiwaki ng'o."

Kisha tukahamia sebuleni. Taratibu huwa hawezi kuingiza mashine ndani ya kasha kabla hajaiona ikiwaka nje. Akaweka mazabodi juu ya boksi lake tupu, nami nikapachika prosesa, nikapaka ile grisi ya kupoozea, nikafunga feni, nikasukuma vijiti vya RAM mpaka vikalia. Akaunganisha umeme na skrini, akanipa bisibisi.

"Gusa hivi vipini viwili kwa pamoja, ndivyo vya kuwashia. Usiogope."

Nikagusa. Feni ikazunguka, skrini ikajaa mwanga, na mimi nikajikuta nimemshika mkono mbele za watu. Alinitazama. Sijui niseme nini kuhusu mtazamo ule, ila nilitamani kuishi ndani yake, nihamie na vyombo vyangu.

"Hapo si ndani ya kasha," Mama akasema kutoka mlangoni. "Kanywe chai kwanza, kijana, usije ukasema nyumba hii haina watu."

Tulikaa mezani. Mama alipotelea ndani kidogo, akarudi akijifuta mikono, akamimina chai na kuanza kumhoji kama karani.

"Umewahi kuoa?"

"Hapana, Mama."

"Mbona? Umri si unao?"

"Nilikuwa natafuta taratibu."

Wifi akapaliwa na chai. Hata Mama mdomo ulimcheza, na kwa dakika hiyo moja nikaamini mambo yatakwenda. Ndipo tukaisikia. Ilitoka chumba cha mwisho, sauti nyembamba, kavu, ya chuma kinachozungushwa ndani ya chuma. Ikalia, ikapumzika, ikalia tena, kama mtu anayekaza kitu bila haraka. Tulikuwa wanne mezani, na nyumbani humo hapakuwa na mtu wa tano.

"Panya," wifi akasema.

"Panya hakazi skrubu," Taratibu akasema, na papo hapo nikaona amejuta.

Mama alimimina chai kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa, ikamwagikia kwenye kitambaa cha meza, naye akaendelea kumimina mpaka wifi alipomshika mkono.

Tuliporudi chumbani, mto wa kiti ulikuwa na bonde. Niligeuza uso.

"Utaiingiza wewe," Taratibu akaniambia. "Mimi namulika."

Nikagusa chuma kwanza, kama alivyonifundisha. Chuma kilikuwa na joto la shavu la mtu. Nikaishusha mazabodi ndani ya kasha. Taa ya simu yake ilikuwa kwenye mikono yangu, lakini macho yake yalikuwa usoni kwangu.

"Unaangalia wapi wewe?"

"Pasipotakiwa."

"Fundi mzima. Inakataa kukaa sawa hii."

"Isukume taratibu."

Nikaisukuma, nikakaza skrubu zake, yeye akaunganisha nyaya. Mama alisimama mlangoni, mikono kifuani, wifi nyuma yake. Nikabonyeza kitufe.

Feni ilishtuka. Ilizunguka robo tu, ikasimama. Ilikuwa kama mtu aliyefungua jicho, akaona aliyekuja siye anayemngoja, akalifumba.

Nikabonyeza tena. Ikashtuka, ikafa.

Taratibu akachomoa nyaya na kuzirudisha. Akatoa vijiti vya RAM, akavifuta, akavirudisha. Akahamisha plagi tundu jingine la ukutani. Kila akimaliza alinipa ishara nibonyeze, na kila nikibonyeza feni ilitupa ile robo, ikakoma. Jasho lilianza kumtoka. Mimi nilianza kusikia baridi, kuanzia miguuni.

"Amesema," Mama akasema.

"Mama, mpe nafasi."

"Nafasi ya nini? Mtu aseme mara ngapi?"

Taratibu akafungua skrubu, akaikwanyua mazabodi na vyote vilivyokuwa juu yake kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona kwake, akaipeleka sebuleni, akaitua juu ya boksi. Akagusa vipini. Ikawaka palepale, feni inavuma, skrini nyeupe.

Tulisimama tukiitazama. Ningefurahi zaidi kama ingekuwa imeungua.

"Kwa hiyo mashine ni nzima," Mama akasema. Sauti yake haikuwa ya ushindi. Ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Kwa hiyo si mashine. Ni yeye. Hataki." Akamgeukia Taratibu. "Asante kwa kazi yako, kijana. Kusanya vitu vyako."

Nilimfuata mpaka barazani. Alikuwa anafunga boksi kwa utepe wa gundi, anaubandika, anaubandua, anaubandika upya.

"Sema kitu," nikamwambia.

"Nimeunda mashine nyingi. Sijawahi kuona hii."

"Sikuulizi habari za mashine."

Akaacha boksi. "Ningekuwa nashindana na mwanaume mwenzangu ningejua la kufanya. Ningemfuata, tukae, tuongee, hata tugombane. Huyu nitamkuta wapi?"

"Kwa hiyo unaondoka."

"Mama yako ameshasema."

"Na mimi? Mimi sijasema."

"Wewe ulikubali sharti, Mchoraji." Hakulisema kwa ubaya. "Nikikuchukua leo kwa nguvu, utakaa kwangu na sikio lako liko huku. Utakuwa unamsikiliza usiku na mchana. Mimi sitaki nusu yako. Nakupenda mno kukubali nusu."

Lilinikata, kwa sababu lilikuwa kweli. Macho yake yalikuwa mekundu, na mtu mpole akilia inauma zaidi. Nilitaka kumshika shati, nilitaka kumwambia twende hivihivi bila hata viatu. Nikasema jambo la kipuuzi kuliko yote.

"Umesahau bisibisi yako chumbani."

"Ibaki."

"Haiwezi kubaki. Nakuletea."

Nikaingia chumba cha mwisho peke yangu. Bisibisi ilikuwa mezani kando ya kasha. Sikuichukua. Nilisimama nikilitazama lile kasha wazi, na hasira ikanipanda, hasira ya mke, ambayo nilidhani niliizika naye.

"Tulipendana," nikasema kwa sauti. "Sikatai. Mjomba wangu akinisalimia unanuna, nikachukulia ni mapenzi. Fundi wa nguo akinipima unasimama kando na wewe, nikachukulia ni mapenzi. Nimekulilia mpaka nikakauka. Unataka nini tena?"

Nyuma yangu kiti kikalia, vile kinavyolia mtu akijiweka sawa.

Sikugeuka. Mpaka leo sijui kama ulikuwa ushujaa au woga. Badala ya kugeuka nikaingiza mkono ndani ya kasha, nipapase chuma chake, kama mtu anayemtafuta mwenzake gizani kitandani. Vidole vikapita kwenye vinguzo vya Taratibu, kila kimoja mahali pake. Kisha, katikati kabisa, pasipotakiwa kitu, vikagonga kinguzo kingine. Nikajaribu kukizungusha. Kilikuwa kimekazwa kama kimezaliwa hapo.

"Taratibu," nikaita. "Taratibu, njoo."

Alikuja mbio, na Mama na wifi nyuma yake. Akamulika ndani.

"Hiki si changu," akasema. "Vyangu vipya, vinang'aa. Hiki cha zamani. Na hapa katikati hakuna mazabodi yenye tundu. Ndicho kilikuwa kinaugusa ubao kwa chini, ndiyo maana ikawa inashtuka na kufa." Akafuta jasho. "Wakati nakaza vyangu hakikuwepo. Naapa. Baadaye sikuangalia, nilikuwa... sikuangalia."

"Nani ameingia humu?" nikauliza.

Wifi akainua mikono juu. "Mimi chumba hiki hata kufagia siingii peke yangu."

Hapo Mama angeweza kunyamaza. Nataka mjue hilo, maana mimi nalikumbuka kila siku. Sisi watatu tulikuwa tayari kuamini lolote, na akinyamaza tu mimi ningebaki, naye asingezeeka peke yake. Alishika fremu ya mlango.

"Mimi," akasema. "Mlipokuwa mnakaa kunywa chai. Hicho nilikikuta mfukoni mwa shati lake, siku ya kwanza ninafua baada ya msiba. Nimekaa nacho. Leo nikaona mnamjazia vitu vipya vya watu, na chake yeye hamna hata kipande. Nikakizungushia humo kwenye kitundu kilichokuwa wazi. Ili na yeye awemo."

"Ah, Mama," wifi akasema kwa upole.

"Sikujua kinadhuru. Nisameheni." Akapiga hatua ndani, akainama, akatazama mahali taa inapomulika. Uso wake ukabadilika. "Lakini sikukiweka hapo."

Taratibu akaisogeza taa karibu.

"Nilikiweka huku." Akagusa pembe ya chini ya kasha, kwenye kitundu kitupu kilicho mbali na kila kitu. "Huku chini. Kwa vidole, mara mbili tu, hata hakikukaza."

"Pengine ulikosea tundu, Mama," Taratibu akasema kwa adabu. "Humu mwanga hafifu."

"Macho yangu ni mabovu, mwanangu. Mkono wangu si mbovu."

Wifi akanishika kiwiko. Nilijua anachokumbuka, ni ile sauti tuliyoisikia tukiwa wote mezani, Mama akiwa na birika mkononi. Taratibu alichukua koleo, akakibana kile kinguzo, akazungusha. Hakikusogea. Akajaribu tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na koleo likateleza, likamkwaruza kidole. Akakinyonya kidole, akanitazama, na katika macho yake nikaona kwamba anaamini.

Hata mimi niliamini. Niliona maisha yangu yote ndani ya chumba kile cha kijivu, nikikunja mashati.

Ndipo Mama alipokivuta kiti, akakaa. Tangu mwanawe afe hakuna aliyekalia kiti kile. Alikaa juu ya lile bonde bila kulipigapiga, akainamisha kichwa mpaka karibu na mdomo wa kasha, kama unavyoongea na mtoto aliyejificha mvunguni.

"Wewe," akasema. "Nisikilize. Alipozaliwa mdogo wako ulikaa mlangoni siku nzima, wageni wasimwone. Mimi nikacheka. Ulipooa, mkeo akicheka na mtu unapigia watu milango. Nikacheka vilevile, nikasema atakua huyu. Hukupata muda wa kukua, baba, na hilo linaniuma mimi kuliko mtu yeyote hapa."

Wifi alikuwa analia bila sauti.

"Lakini huyu ni mtoto wa watu. Unataka azeeke humu, tukikukunjia mashati watu wawili? Mimi nitakukunjia. Mimi natosha. Yeye mwache." Akaingiza mkono ndani ya kasha. "Sikuombi. Mimi ndiye niliyekuzaa. Toka mlangoni."

Alizungusha kwa vidole viwili. Vidole vya mwanamke mzee vyenye baridi yabisi, visivyoweza hata kufungua chupa ya dawa. Kile kinguzo kikazunguka kwa ulaini, kikatoka, akakifumba ndani ya ngumi.

Sikumbuki nani alileta mazabodi kutoka barazani. Nakumbuka Taratibu safari hii aliangalia ubao, hakuniangalia mimi hata mara moja, mpaka skrubu ya mwisho. Tulipomaliza nilisogea nibonyeze, Mama akanitangulia. Alibonyeza mwenyewe.

Feni ikashtuka. Ikapita robo. Ikapita nusu, ikaendelea, ikavuma, na hewa vuguvugu ikatupiga usoni wote tulioinama. Skrini ikaleta mwanga wake. Tulingoja ife, haikufa. Niliweka kiganja juu ya kasha, nikaona ajabu nyingine, kwamba mashine ilikuwa inafanya kazi lakini chuma kilikuwa cha baridi, baridi ya kawaida ya chuma.

"Wazazi wako wapo hai?" Mama akauliza bila kugeuka.

"Wapo, Mama," Taratibu akasema.

"Waje."

Nilipiga magoti pale chini nikamlalia mapajani. Nilikuwa na furaha na nilikuwa nimevunjika, vyote kwa pamoja, na sikuona haya hata kidogo. Akanipapasa kichwa kwa ule mkono usioshika kinguzo.

"Kasha hili linabaki," akasema. "Vitu vyenu mtavitoa. Wewe nenda ukachague lako."

"Ndiyo, Mama."

"Lakini leo msiizime. Iacheni mpaka jioni."

Tukaiacha. Wifi akamshika Taratibu mkono wa shati, akamtoa kwanza, mimi nikafuata. Nilipofika mlangoni niliangalia nyuma mara moja. Mama alikuwa bado kwenye kiti, ameegemea meza, feni ikivuma, naye akiongea kwa sauti ya chini na mtu ambaye, kwa jinsi alivyokuwa akinyamaza na kutikisa kichwa, alikuwa anamjibu.